Mwenye Punda

Fadhila ya punda ni mateke, husema watu, na kila nikiusikia msemo huo hujiuliza aliyeutunga alikuwa na punda wa namna gani. Mimi niliwahi kuwa na punda, jike jeupe la asili ya Maskati, na sikumbuki siku hata moja aliyoninyanyulia mguu. Mateke niliyoyapata maishani mwangu yalitoka kwa wenye miguu miwili.

Nilimpata kwa mjomba wangu. Mjomba alikuwa mfanyabiashara wa hapa Masasi, mtu wa nta na mpira, akishuka Lindi na kurudi kila kiangazi. Kwetu mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake, na sote tulijua kwamba vitu vyake vitakuja kwetu. Lakini punda hakutaka awe urithi wa kugombaniwa. Alipougua miguu mpaka akashindwa kutembea, mimi ndiye niliyemkanda na kumlisha, na siku alipokubali moyoni kwamba hatapanda tena, aliwaita kaka zangu, akanitia hatamu mkononi mbele yao. "Huyu ni wake," alisema. "Si wa ukoo. Ni wake yeye." Kaka zangu hawakufurahi, ila walisikia.

Punda wengi hawakudumu kwetu kwa ajili ya mbung'o. Huyu alidumu, na alikuwa na mwendo. Watu wa pwani huuita telki: si kutembea wala si kukimbia, miguu inakwenda mbio lakini mgongo umetulia, hata ukishika kibuyu cha maziwa hayamwagiki. Siku hizi motokaa zikipita na kututimulia vumbi, wajukuu wangu huzishangilia, nami hucheka kimoyomoyo. Niliwahi kuwapita wanaume njiani, wametangulia tangu alfajiri, nikawasikia nyuma yangu wakiulizana kama ni halali mwanamke kukaa juu namna ile. Sikugeuka. Punda alikuwa na njuga shingoni, na sauti ya njuga ilitosha kuwa jibu.

Mume wangu alikuwa mtu wa Newala, upande wa Kitangari. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, basi alikuja na jembe lake na mkeka wake, akajenga katika ua wa mama yangu, akalima shamba la mama yangu, akala chakula chake kaka zangu wakimtazama. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yake sikuifunga mimi. Naisema hii ili isije ikadhaniwa kwamba sikumwelewa. Nilimwelewa vizuri sana, na kumwelewa hakukunisaidia kitu.

Tulipata binti mmoja. Alirithi jina la mama yangu, na kwa kuwa jina la mama halitamkwi ovyo mbele yake, mtoto tukamwita Bibi tu. Ndiyo sababu mimi nikawa Mama Bibi na mume wangu akawa Baba Bibi, na wageni walicheka wakisikia.

Mume wangu alianza kuniomba punda kwa utani. "Mama Bibi, huyu mke mwenzako ananitazama sana. Nadhani ananipenda." Nami nilimjibu kwamba punda ana macho ya kutazama kila kitu, hata mavi. Tukacheka. Kesho yake akaomba tena, na kesho kutwa, mpaka utani ukaisha na maombi yakabaki. Kisha dada yake, wifi yangu, akaugua huko Kitangari. Njia ya kupanda kule ni ndefu, na mtu anayekwenda kumwona mgonjwa humwombei uchovu. Nikasema haya, njoo nikufundishe.

Alipanda kama mtu anayepanda mgomba. Alikaa mbele, juu ya mabega, ndivyo wanavyokaa wasiojua, na punda akasimama. "Rudi nyuma," nikamwambia, "kaa karibu na kiuno chake." Akarudi. "Usimpige. Bonyeza ulimi kwenye kaakaa, hivi, basi." Akabonyeza, ikatoka sauti ya mtu anayesikitika. Mama yangu alikuwa akipepeta mtama pale uani, akaugeuza uso wake ukutani mabega yakimtikisika kwa kicheko. Lakini mume wangu hakuwa mjinga. Jua lilipoelekea kuchwa alikuwa akizunguka nyumba kwa telki, kanzu imejaa upepo, na uso wake nilikuwa sijawahi kuuona vile. Alikuwa kijana tena. Nilifurahi kumwona, Mungu anajua, nilifurahi.

Alikwenda, akarudi. Wifi yangu alikuwa hajambo, na juu ya tandiko walikuwa wamefungwa majogoo wawili. "Nimepewa njiani," alisema. "Watu wa chini ya mlima ni wakarimu." Tukachinja, tukala. Kaka zangu nao walikula, na kwa mara ya kwanza mmoja wao alimwita shemeji kwa sauti ya heshima.

Baada ya hapo safari za Newala ziliongezeka. Mara dada, mara matanga, mara shauri la ukoo ambalo bila yeye halikatiki. Nilimpa, kwa sababu mtu ukishampa mara mbili, ya tatu ukikataa wewe ndiye mbaya. Na kila aliporudi alikuwa na kitu: kuku, asali, mara moja mbuzi. Alijishonea kanzu mpya. Akaanza kuvaa kilemba, yeye ambaye alikuja kwetu kichwa wazi.

Siku moja tulikuwa gulioni, mimi na yeye, nimeshika hatamu mwenyewe. Mtu mmoja akamwamkia, akamsifia mnyama. Mume wangu akampapasa punda shingoni, akasema, "Punda wangu huyu, ukimpa pumba tu basi, hana taabu." Nilisimama pale pale nimeshika kamba. Yule mtu alinitazama kama anavyotazamwa mchunga punda.

Njiani kurudi nikamwuliza. "Punda wako?"

"Ulitaka niseme nini, Mama Bibi? Niseme nimeazimwa na mke wangu?"

"Ungesema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema. "Basi niache nisitirike kidogo."

Ilikuwa kauli ya uchungu, na niliona afadhali niumeze mimi kuliko yeye. Ndivyo tulivyolelewa sisi wanawake wenye nyumba: mume yuko kwenu, usimkumbushe yuko kwenu.

Ule ulikuwa wakati wa Wadachi. Boma liliamuru, na amri ilitufikia kwa maakida. Akida wa upande wetu alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu na kilemba, na alipokwenda kudai kodi alipanda punda mweupe, nyuma yake askari. Kila mtu alijua hilo, nami nilijua. Lakini punda wa akida na punda wangu sikuwahi kuwaweka pamoja kichwani, kama vile mtu hafananishi mwanawe na mwana wa jirani kwa sababu wote wana pua.

Mwaka huo kiangazi kilipoingia wifi yangu alijifungua, na safari hii nikasema nitakwenda mwenyewe. Kule juu hakuna maji. Wanawake hushuka bondeni na vibuyu, wakapanda navyo jua likiwachoma, na mzazi hawezi kazi hiyo. Nilitaka kumchotea kwa punda. Mume wangu alinizuia sana. Alisema njia ni mbaya, alisema kuna simba, alisema atakwenda yeye. Nikamwona ana huruma na mimi. Nikapanda, nikaenda.

Kijiji cha kwanza chini ya mlima nilikifikia mchana, saa ambayo watu wako uani wanatwanga. Nilisikia michi kwa mbali. Nikabonyeza ulimi, punda akaingia telki, njuga zikalia, na michi ikanyamaza. Yote, kwa pamoja. Nilipotokea penye nyumba hapakuwa na mtu. Vinu vilikuwa vimesimama na mtama ndani yake, mchi mmoja umeanguka bado unabingirika. Moto ulikuwa ukiwaka chini ya chungu. Na kando ya njia, kwenye kijiti kilichochongwa kwa kazi hiyo, alifungwa kuku.

Kijiti kilikuwa cha zamani, kimelainika kwa kamba.

Nikashuka. Nikaita hodi. Katika baraza ya nyumba ya mwisho nilimkuta mwanamke mzee, ambaye bila shaka miguu yake haikuweza mbio. Alikuwa amepiga magoti tayari, kichwa chini, na hakunitazama. "Shikamoo, bwana akida," alisema. "Nguku ndiye huyo njiani. Mbuzi tumekwisha kukupa. Usituletee askari."

Nilimwambia mimi si akida. Nilimwambia, "Bibi, mimi ni mwanamke, inua uso." Hakuinua. Alirudia maneno yale yale, kwa utaratibu ule ule, kama mtu aliyefundishwa. Mimi ndiye niliyestahili kumwamkia yeye, na shikamoo yake ilikuwa imeniganda sikioni. Nilimfungua kuku nikamwacha aende zake, nikaondoka nikimkokota punda kwa miguu, nimezishika njuga mkononi zisilie. Vijiji viwili vilivyofuata nilipita vivyo hivyo, na vyote vilikuwa na vijiti.

Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Mimi kuku wale niliwala, na binti yangu aliwala, na sikujua ninakula nini. Mume wangu alijua.

Nilirudi Masasi baada ya kumchotea wifi maji, nikamkuta anatengeneza mpini wa jembe. Sikumwamkia. Nilimwambia niliyoyaona, na nilidhani atakana. Hakukana.

"Sikuwaomba chochote," alisema. "Mara ya kwanza walikimbia, nikasimama nikawaita. Walinitolea kuku, vichwa chini, wakaniita akida. Nikanyamaza. Kunyamaza si wizi."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili walikuwa wameshamfunga njiani."

"Na mbuzi?"

Aliuweka chini mpini. "Mama Bibi, hapa kwenu mimi nani? Kaka zako wakizungumza mimi huambiwa nikatazame mbuzi. Nikipanda punda yule, watu wazima wanavua kofia. Wewe umezaliwa nayo heshima, hujui njaa yake."

Nilimwambia heshima ya kumfanya bibi kizee apige magoti uani kwake ni ya mbwa. Nilimwambia mengi, na mengine siwezi kuyaandika kwa sababu mjukuu wangu atayasoma. Tangu siku ile hakumgusa tena punda wangu. Nilimvua njuga nikazitupa mtoni. Nilikuwa na hasira ambayo haikupata pa kwenda, maana kwa watu wa chini ya mlima ningeeleza nini? Nikienda, nakwenda juu ya punda yule yule.

Kisha vita vikaja. Tulianza kusikia habari za maji kutoka upande wa Liwale, maji ya dawa ambayo mtu akinyunyiziwa risasi ya Mdachi haimpati. Wengine walicheka, wengine walikwenda kuyatafuta. Habari zilizofuata hazikuchekesha mtu: maakida wanauawa, wafanyabiashara wa pwani wanauawa, na mwenye kanzu haulizwi anakotoka. Halafu moshi ukaonekana upande wa magharibi ya Masasi, na watu wakaanza kufunga mizigo.

Kaka zangu walikuwa Lindi na mali ya biashara. Nyumbani tulikuwa sisi: mimi, mume wangu, Bibi wetu mdogo, na mama yangu ambaye kiuno kilikuwa kimemkatika na kutembea kwake kulikuwa kutoka kitandani hadi mlangoni. Pa kukimbilia palikuwa Newala, kwa wifi yangu. Na wa kumfikisha mama Newala alikuwa punda, hakuna mwingine.

Tulimfunga mama juu ya tandiko kwa kaniki mbili. Mume wangu alikuwa amevaa kitambaa kiunoni na tumbo wazi. Kanzu na kilemba sikuona amevizika wapi. Alitembea nyuma, mbali kidogo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso wala hawagusani, wakitaka kuambiana jambo humpitishia mtu, kwa hiyo kule kuwa mbali hakukunishangaza. Nilidhani ni adabu.

Hatukuwa na njia nyingine isipokuwa ile. Niliomba tupite chini ya mlima watu wakiwa mashambani. Lakini wakati wa vita nani yuko shambani? Walitokea kando ya njia, wanaume, wamejifunga mabua ya mtama vichwani, na mishale na gobori moja. Hawakuwa na ghadhabu. Walikuwa kama watu waliomngoja mgeni akachelewa. Aliyewaongoza alikuwa mtu wa makamo, akamshika punda lijamu, akampitisha mkono shingoni pale palipokuwa na njuga.

"Ndiye," aliwaambia wenzake. Kisha akatuuliza sisi, "Huyu punda ni wa nani?"

Bibi alijificha katika nguo yangu. Nilifungua kinywa, na kabla sijasema nikasikia sauti ya mume wangu nyuma, wazi kabisa, sauti ya mtu anayesema ukweli.

"Ni wa huyu mwanamke. Amerithi kwa mjomba wake, watu wote wa Masasi wanajua. Mimi nawafuata tu njiani."

Sikugeuka kumtazama. Niliogopa kwamba nikimtazama usoni wataona. Neno moja tu lingetosha, nalo lilikuwa kinywani mwangu. Wale watu walikuwa hawajawahi kumtazama akida wao usoni, walimjua kwa njuga na kanzu kutoka vichakani walikojificha. Ningemnyoshea kidole tu. Nikaushika mkono wa mtoto wake, mkono ulikuwa wa baridi, na lile neno likarudi tumboni, ndiko liliko hadi leo.

"Ni wangu," nilisema.

"Basi wewe ndiye uliyekuwa ukimtuma akida kula kuku wetu?"

"Kuku niliwala," nilisema. "Punda ni wangu."

Walishauriana. Mmoja alitaka tupelekwe mbele, kwa wakuu wa vita. Mkubwa wao alimtazama mama aliyefungwa kwa kaniki juu ya mnyama, akasema wao hawakuondoka nyumbani kwao kwenda kupigana na vizee. Walimfungua mama kwa upole, wakamketisha kwenye majani. Punda walimchukua hatua chache tu pembeni. Hakukataa, alizoea kushikwa na watu. Walimchoma mishale na alichukua muda kuanguka, kwa sababu alijaribu kurudi kwangu. Hawakumla, nani angemla? Walimwacha pale wakaenda zao magharibi, kule moshi ulikokuwa.

Nilikaa naye mpaka ubavu ulipotulia. Nililia, na sikuona haya kulilia mnyama mbele ya mtoto. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya njia, anatazama mlima. Mbele yetu kulikuwa na mpando wote wa Newala, mawe na vichaka, na mama hakuweza kusimama.

Alikuja karibu. Desturi hakuivunja hata hapo; alinisemesha mimi, macho chini.

"Mama Bibi, mwambie mama nitambeba. Vita havina desturi. Mwambie apande mgongoni kwangu."

Sikuwa na haja ya kumwambia, alikuwa amesikia. Mama alinyanyua uso pale kwenye majani akamtazama mkwe wake machoni. Miaka yote aliyokaa katika ua wetu hakuwahi kumwelekezea neno, hata salamu zilipitia kwangu. Sasa alimsemesha yeye mwenyewe, polepole, kama mtu anayemsaidia mgeni asipotee.

"Niache, baba. Mimi pia ni wa mke wako."

Nikachuchumaa, akanishika shingo, nikasimama naye.